pH Pekee Haitoshi: Juu ya Kupima Ualkali wa Maji



Mtu akileta chupa ya maji maabara, swali lake huwa moja: pH ngapi? Ni swali halali, ila jibu lake halimfikishi mbali. Chukueni lita moja ya maji yaliyokenekwa na lita moja ya maji ya kisima yenye ualkali wa miligramu 200 kwa lita, zote zikiwa na pH 7. Tieni katika kila moja mililita 1 ya asidi ya salfuriki ya 0.02 N. Ya kwanza itaporomoka hadi karibu 4.7; ya kisima haitatikisika. Bikaboneti iliyomo imeimeza asidi yote. Uwezo huo wa kumeza asidi ndio ualkali, na mita ya pH haiuoni.

Anayeumia kwa kutoujua ni mwendesha mtambo wa maji. Kila miligramu ya shabu anayotia kugandisha tope hula takriban nusu miligramu ya ualkali. Masika yakianza, mto huleta tope jingi, na maji ya mvua huwa yameshaupunguza ualkali wake. Mwendeshaji anaongeza shabu, pH inashuka, tope halishikani. Anaongeza tena, mambo yanazidi kuharibika. Kumbe kilichohitajika ni chokaa, na kipimo cha dakika chache kingemwambia mapema.

Kipimo chenyewe si kigumu. Pima mililita 100 za sampuli, dondosha matone machache ya fenolfthaleini. Maji yakigeuka waridi, pH imepita 8.3: dondosha asidi ya 0.02 N kutoka kwenye bureti mpaka rangi ipotee, andika ujazo, kisha endelea hadi pH 4.5. Kwa vipimo hivi kila mililita ya asidi ni sawa na miligramu 10 za ualkali kwa lita, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Wengi humalizia kwa methili oranji. Mimi siiamini sana: chungwa la mmoja ni wekundu wa mwingine. Afadhali elektrodi.

Elektrodi nayo ina masharti yake. Isawazishwe kila siku kwa bafa za 4.01, 7.00 na 10.01, joto likizingatiwa, na isihifadhiwe kamwe ndani ya maji yaliyokenekwa. Skeli aliyoibuni Sørensen mwaka 1909, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, ni ya logi: kukosea kwa 0.3 tu ni kukosea mara mbili ya ukolezi wa ioni za hidrojeni. Na maji ya kisima kirefu hutoka na kaboni dioksidi nyingi. Chupa ikifunguliwa gesi hutoroka, pH hupanda. Sampuli iliyosafirishwa siku nzima juani haina tena pH ya kisima. Ualkali hubaki vilevile, ilimradi chokaa haijatuama chini ya chupa.

Ziwa Natron linatuadabisha zaidi. pH yake hupita 10, na sodiamu ni nyingi kiasi kwamba elektrodi ya kioo ya kawaida husoma chini ya ukweli. Inatakiwa iliyotengenezwa kwa ajili ya alkali kali. Mililita 100 za maji yale ya magadi zitamaliza bureti baada ya bureti, kwa hiyo chukua sampuli ndogo au tumia asidi kali zaidi, na ubadilishe hesabu.

Ombi langu kwa wakuu wa maabara za maji: msitoe cheti chenye pH bila ualkali. pH ipimwe palepale yanapochotwa maji, na kando yake paandikwe saa na joto. Wanafunzi wangu hawapati alama bila hayo.