Vyama Vidogo Vilivyozaa Mapinduzi na Yaliyotokea Nachingwea
(Mhadhara kwa waumini wa Kilimarondo)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mapinduzi hayaanzi na bunduki. Huanza na watu wachache wanaokutana baada ya kazi, wakachangishana senti na kusomeana barua. Wamakonde waliovuka Ruvuma kuja kufanya kazi Tanganyika walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana, na humo ndimo ilimozaliwa MANU. Wenzao waliohamia Rhodesia ya Kusini waliunda UDENAMO, na wa Nyasaland wakaunda UNAMI. Tarehe 25 Juni, 1962, vyama hivyo vitatu viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO. Wapiganaji wake walifunzwa humu humu wilayani mwetu, na tarehe 25 Juni, 1975, Msumbiji ikawa huru. Wareno walidhulumu, na kuwapinga kulikuwa haki.

Lakini vyama vilipomezwa na chama kimoja, neno la kupinga lilikosa pa kukaa. Uria Simango, mchungaji wa Kikristo aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alitoa waraka mwezi Novemba 1969 akilalamikia ukabila na mauaji ndani ya chama. Akafukuzwa. Mwezi Mei 1975, wiki chache tu kabla ya uhuru, aliletwa Nachingwea, akalazimishwa kusoma ungamo refu la usaliti mbele ya maelfu ya wapiganaji. Baadaye aliuawa kwa siri, bila hukumu ya mahakama yoyote.

Mtu atasema: huyo hakuwa Muislamu, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Surat al-Maida, aya ya 8, yatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na kabla ya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliona bora kubaki Madina, lakini akafuata rai ya waliotaka kutoka. Masaibu yakawapata. Hata hivyo katika Aal Imran, aya ya 159, aliamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Shura haikufutwa kwa kuwa ilileta hasara!

Siku hizi vijana wetu wanaunda vikundi misikitini, nasi twawapongeza. Tunachowaomba ni kwamba, kabla ya kumchagua amiri, waandike katika katiba yao ni nani atakayemsikiliza mwanachama asiyekubaliana na amiri huyo, na kwamba hatafukuzwa kabla ya kusikilizwa.

Wabillahi tawfiq.