Kondoo Wawili Chini ya Mti

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo



Wiki iliyopita, tulipomaliza somo, mama mmoja aliniuliza swali. "Mwalimu, haya maonyesho ya wakulima tunayoyaona kila Nane Nane, yalianzaje? Na ng'ombe anapewaje zawadi, naye hata asante hajui kusema?" Tulicheka sana. Lakini swali lenyewe ni zuri, nami niliahidi kulijibu.

Maonyesho ya wakulima yalianza katika nchi nyingi, kila moja kwa njia yake. Sisemi kwamba Nane Nane yetu ilitoka katika mji huu nitakaoutaja. Nitasimulia habari za mahali pamoja tu, kwa sababu zinajulikana vizuri, na kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi. Mahali hapo ni mji wa Pittsfield, katika wilaya ya Berkshire, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu, nilidhani mkulima wa Marekani alizaliwa juu ya trekta. Sivyo hata kidogo. Miaka 200 iliyopita, wakulima wa Berkshire walilima kwa plau za kukokotwa na ng'ombe. Nchi yao ina vilima na baridi kali. Nguo nyingi zilitengenezwa nyumbani. Mama alisokota sufu ya kondoo, akafuma, akashona.

Mwaka 1807 alihamia hapo bwana mmoja, jina lake Elkanah Watson. Alikuwa mfanyabiashara aliyekwisha tembea sana Ulaya, sasa akanunua shamba. Akapata kondoo wawili wa aina ya Merino. Kondoo hao asili yao ni Hispania. Sufu yao ni laini na nyingi. Kwa miaka mingi wafalme wa Hispania walikataza wasitolewe nje ya nchi, maana walikuwa utajiri wao.

Je, Watson alifanya nini? Hakuitisha mkutano, wala hakutoa hotuba kama hii yangu. Aliwachukua kondoo wake wawili akawaweka chini ya mti mkubwa katikati ya mji, watu wawaone. Basi! Watu wakaja kutazama, wanaume kwa wanawake. Watson akawaza: ikiwa kondoo wawili tu wamekusanya watu namna hii, itakuwaje wakiletwa wanyama wa wilaya nzima?

Mwaka 1810, yeye na wakulima wenzake walitoa tangazo, na mwezi wa Oktoba likafanyika onyesho la mifugo. Mwaka 1811 chama chao kikaandikishwa kisheria, kikaitwa Chama cha Kilimo cha Berkshire. Mwenyekiti wa kwanza akawa Watson mwenyewe. Mwaka huohuo walifanya maandamano makubwa. Jozi nyingi za ng'ombe zilifungwa pamoja zikavuta plau moja, na walioishika plau hiyo ni wazee wa wilaya. Ngoma zilipigwa. Wenye mifugo bora wakapewa zawadi. Kwa hiyo mama yangu, jibu lako ni hili: zawadi ni ya mfugaji. Ng'ombe alipewa sifa tu, akarudi zizini.

Sasa sikilizeni habari za kina mama, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Baada ya miaka miwili hivi, mwaka 1813, chama kilitangaza zawadi kwa nguo zilizofumwa nyumbani. Kazi hiyo ni ya nani? Ya wanawake. Nguo zikaletwa, nzuri kabisa. Lakini waliozifuma hawakutokea. Waliona haya, wakaogopa kuchekwa. Kila mmoja alisubiri mwenzake atangulie. Ndipo Watson alipomwomba mke wake aingie ukumbini akae. Kisha akapeleka habari kwa wanawake wengine kwamba Bibi Watson yumo ndani anawangojea. Hapo wakaanza kumiminika. Tangu hapo nguo, mablanketi na vyakula vya kina mama havikukosa katika maonyesho ya wilaya za Marekani.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mfano wa Berkshire ulienea. Mwaka 1819 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kusaidia vyama vya kilimo, dola 10,000 kwa mwaka. Fedha hizo zilipokoma, vyama vingi vikafa. Vikafufuka tena miaka ya 1840. Baadaye yakaja mashindano ya farasi. Watu walijaa, viingilio vikapatikana, lakini wengine wakanung'unika: tumekuja kutazama mbegu au kutazama mbio? Ugomvi huo nadhani nanyi mnaujua. Mwaka jana nilikutana na kijana wa hapa aliyetoka kwenye maonyesho. Aliweza kunihesabia bendi zote zilizopiga. Mahindi hakuyaona.

Lakini hilo la bendi halinisumbui sana. Linalonisumbua ni lile lililompata mwenzetu mmoja wa kisomo. Alilima maharage mwenyewe, akachagua mbegu moja moja juu ya ungo, akayapeleka kwenye onyesho. Karani akamwuliza jina la mume wake, akaliandika kwenye kadi. Maharage yakapata zawadi ya pili. Likaitwa jina la mume, naye mume siku hiyo alikuwa safarini. Mama alisimama pale na kanga yake, asiseme kitu. Na wakati huo alikwisha faulu mtihani wa kisomo! Nilipomwuliza kwa nini hakuichukua kalamu akaandika mwenyewe, alinijibu, "Mwalimu, hakuna aliyeninyoshea."

Jibu hilo nimelala nalo siku nyingi. Bibi Watson angalau alikaa ndani, wengine wakajua pa kuingilia. Sisi pale mezani hatukuwa na mtu.

Kwa hiyo Alhamisi ijayo hatutasoma kitabu. Nitaleta karatasi ngumu, tukate kadi. Kila mmoja ataandika jina lake, kijiji chake, na kitu anachopeleka: maharage, mkeka, mayai, chochote. Atakayekosea atapewa kadi nyingine. Mama wa maharage amekubali kukaa karibu na meza ya karani siku ya maonyesho, na kalamu mbili mkononi. Njooni saa kumi, kabla jua halijazama.