Tupande Mvule, Tuutunze Mpaka Usimame

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi uliofanyika kwenye uwanja wa zahanati, kabla ya mvua za masika



Wengi wenu mnakumbuka kwamba hapa tulipoketi leo kwenye jua palikuwa na mvule mkubwa. Mti ule uliondolewa zahanati ilipopanuliwa. Jengo tulilihitaji na tunalishukuru. Lakini tangu siku ile, akina mama wanaoleta watoto kliniki husubiri zamu yao wakiwa wamejifunika kanga kichwani, na mtoto mwenye homa hungoja juani kama mtu mzima. Kwa hiyo habari ninayoileta leo ni habari ya huduma ya afya, ingawa inaanza na mti.

Mwaka jana tulipanda miche ya mivule katika uwanja huu. Mimi ndiye niliyepiga picha. Viongozi walishika majembe, wanafunzi waliimba, na picha zile zikapendeza sana katika jarida letu. Kiangazi kilipokaribia kwisha nilirudi kutafuta habari ya kuwaeleza maendeleo ya miti hiyo. Kati ya miche 20 niliyoipiga picha, nilikuta minne hai. Mingine ilikuwa imeliwa na mbuzi, mingine imekauka, na mahali pengine palibaki kijiti tu cha kuonyesha kwamba palipandwa kitu.

Nilijiuliza ile minne imeponea wapi. Yote ilikuwa karibu na banda la mama lishe aliye kando ya lango. Kila jioni alikuwa akiimwagia maji aliyooshea mboga, na alikuwa ameizungushia miiba. Hakuna aliyemwagiza. Nilipompongeza alinijibu, "Mwanangu, ninyi mlipanda mkaondoka. Mimi nipo hapa kila siku." Jibu hilo lilinifundisha kuliko semina nyingi. Mti hupandwa kwa dakika chache, lakini huishi kwa sababu kuna mtu yupo.

Ndugu wananchi, mvule ni mti wetu wa asili. Huota kuanzia Afrika Magharibi, ambako hujulikana kwa jina la iroko, hadi huku kwetu na Msumbiji. Ni wa ukoo mmoja na mkuyu na mfenesi, na ndiyo maana ukiukwaruza hutoa utomvu mweupe. Wasomaji wa Biblia wanaijua mialoni ya Mamre, ambako Abrahamu aliketi mlangoni pa hema yake wakati wa joto. Mwaloni hauoti kiasili katika ardhi yetu, lakini wafanyabiashara wa mbao wa Ulaya waliwahi kuuita mvule mwaloni wa Afrika, kwa ugumu wa mbao zake ambazo mchwa hushindwa kuzila. Sifa hiyo ya mbao ndiyo iliyouponza. Umekatwa kwa wingi kuliko unavyorudishwa.

Wazee wetu wengi hawakupanda mivule mnayoiona mashambani. Walipofyeka shamba waliukuta mche mdogo wakauacha, kisha wakaulinda. Kwa hiyo nawaomba kwanza tuyatazame mashamba yetu kabla ya kuomba miche. Mvule mchanga una majani yenye kukwaruza na kingo zenye meno madogo, tofauti na majani ya mti mkubwa. Ukiuona, usiufyeke. Uwekee kijiti cha alama na uupalilie pamoja na mazao yako.

Anayetaka kuotesha mwenyewe, Afisa Misitu wetu amenielekeza hivi. Mvule una mti dume na mti jike, na mbegu hutoka kwa mti jike peke yake. Okota matunda yaliyoiva chini ya mti, uyaloweke, uyaponde kwa mkono, kisha uzichuje mbegu na kuzianika kivulini. Mbegu ni ndogo sana, hivyo zichanganye na mchanga laini ndipo uzisie. Zisie mapema, maana mbegu za mvule hazikai muda mrefu bila kupoteza nguvu ya kuota. Funika kitalu kwa chanja la nyasi, na miche ikipata majani machache ihamishie kwenye viriba.

Mvua zikishika, chimba shimo la sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina. Tenga udongo wa juu, uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha uurudishe kwanza. Chana kiriba na ukiondoe kabisa kabla ya kupanda. Usipande chini ya nyaya za umeme, na uache angalau mita 10 kutoka ukutani, kwa kuwa mti huu utakuwa mkubwa kuliko nyumba zetu. Shina lizungushiwe matandazo ya nyasi, lakini yasiligusie, ili mchwa na unyevu visilidhuru gome changa.

Mvule mchanga una adui mmoja wa pekee. Ni mdudu mdogo anayetaga kwenye chipukizi, nazo zikavimba vinundu na ncha ya mti ikaoza. Usipande mivule mitupu mahali pamoja. Ichanganye na miti mingine, au uipande kati ya migomba ambako itapata kivuli kidogo ikiwa michanga. Ukiona vinundu, kata sehemu hiyo mapema na uichome mbali na shamba.

Vipindi viwili vya kwanza vya kiangazi ndivyo vinavyoamua. Mche mmoja unahitaji kama dumu moja la lita 20 kwa wiki, likigawanywa mara mbili na kumwagwa polepole jioni. Penye shida ya maji, tumia maji ya kuoshea mboga kama alivyofanya mama yetu. Tena tusiukatie tamaa upesi. Mvule hupukutisha majani kwa muda mfupi wakati wa kiangazi, na wapo waliong'oa mti hai wakidhani umekufa. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukiona ukijani ndani, endelea kumwagilia.

Mti ukishakua bado unahitaji heshima. Tusiugongelee misumari ya mabango. Tusichome taka chini yake. Tusibandue gome kuuzunguka pande zote, hata kwa ajili ya dawa, kwa sababu mti uliobanduliwa hivyo hufa ukiwa umesimama.

Sasa nigusie neno ambalo wengi husema pembeni bila kulileta mkutanoni. Nimesikia mkulima akisema, "Nikipanda mvule, kesho serikali itasema ni wake." Hofu hii inaeleweka. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mvule haukatwi kiholela, na uvunaji wake pamoja na usafirishaji wa mbao zake huhitaji vibali. Lakini sheria hiyo haimkatazi mtu kupanda. Ushauri wangu ni huu: unapopanda, nenda ofisi ya kijiji ukaandikishe jina lako, mahali ulipopanda, idadi na mwaka. Mbao za mvule ni suala la miongo kadhaa. Siku mjukuu wako atakapotaka kuvuna, atakwenda ofisi ya misitu na karatasi mkononi badala ya maneno matupu.

Kwa uwanja huu wa zahanati, naleta pendekezo moja. Masika haya tupande miche michache kuliko mwaka jana, na kila mche uandikwe jina la kaya moja itakayoutunza kwa vipindi viwili vya kiangazi. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, na isomwe katika kila mkutano mkuu wa kijiji. Kaya ikishindwa kwa ugonjwa au safari, iseme mapema ili mche upewe kaya nyingine. Mama lishe wetu amekubali kuendelea na ile minne, nami naomba jina lake liwe la kwanza katika orodha.

Kwa upande wangu, naahidi jambo moja. Siku ya kupanda nitashika jembe kama wengine, na sitapiga picha. Picha nitakuja kuzipiga mwisho wa kiangazi, na jarida letu litachapisha miche iliyo hai pamoja na majina ya kaya zilizoilinda.