Mbu Tunawafuga Wenyewe

Hotuba iliyosomwa mbele ya wachimbaji na wakaaji wa mji wa Goma

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi ndugu wachimbaji mlioshuka kutoka Rubaya na mliopanda kutoka Walikale,

Mmekuja wengi, hata wengine wamesimama nje juu ya mawe, na jua ni kali. Basi sitawachosha kwa maneno ya kuzunguka.

Nimetakiwa kusema juu ya mbu. Najua wako watakaocheka. Watasema: tuna vita, tuna bei ya unga, tuna watoto wasio na shule, na huyu anatuletea habari za mbu! Lakini sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2023 malaria iliua watu karibu 600,000 duniani. Kati ya kila watu tisa waliokufa, mmoja alikuwa wa nchi yetu ya Kongo. Ni Nigeria peke yake inayotupita. Wengi wa marehemu hao ni watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Jambo linaloua namna hii si dogo, ingawa mwenye kulileta hana uzito wa punje ya mtama.

Sisi watu wa Goma tuna majibu mawili tunayoyapenda sana. La kwanza ni baridi. Twasema, Goma iko juu, karibu mita 1,500, malaria ni ya watu wa bondeni. La pili ni ziwa. Twasema, mbu hutoka katika Ziwa Kivu, na nani awezaye kuliziba ziwa? Majibu hayo mawili yanatupa ruhusa ya kukaa kitako. Na yote mawili hayasimami.

Tuanze na baridi. Ni kweli kwamba kijidudu cha malaria hakikui upesi penye baridi. Mbu akimnyonya mgonjwa, kijidudu hicho hukaa kwanza ndani ya mwili wa mbu mpaka kikomae. Penye joto la digrii 25 huchukua siku kumi au kumi na mbili hivi. Penye digrii 20 huchukua majuma matatu au zaidi, na wengi wa mbu hufa kabla. Chini ya hapo kwa digrii chache hakikui kabisa. Kama mbu angelala nje, juu ya mawe yetu, usiku wa mwezi wa saba, tungekuwa na raha. Lakini mbu halali nje. Akishashiba huingia nyuma ya nguo zilizotundikwa, au chini ya kitanda, katika chumba ambacho jiko limewaka jioni nzima na watu wanane wamefunga mlango wakalala. Mle ndani si Goma tena, mle ndani ni Walikale.

Na ziwa? Mbu hatagi penye mawimbi. Hutaka maji yaliyotulia. Pembeni penye majani na vidimbwi aweza kutaga, lakini katikati ya ziwa hana kazi. Tena mbu si ndege wa safari. Wengi wao hawaendi mbali zaidi ya mita mia chache kutoka pale walipozaliwa. Mtu wa Ndosho au wa Majengo anayeumwa na mbu usiku, huyo mbu hakupanda chukudu kutoka ziwani kuja kumtafuta. Amezaliwa jirani, pengine nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Utazameni mji wetu. Goma imejengwa juu ya mawe ya moto ya Nyiragongo. Mvua ikinyesha, mawe huinywa. Hatuna mto upitao mjini, hatuna bwawa la mpunga. Mahali kama hapa mbu angepaswa kuteseka kwa kukosa maji! Basi maji yaliyotulia yatoka wapi? Yatoka kwetu. Ni sisi tunaoyachota, tunaoyabeba, na tunaoyaweka.

Simlaumu mama anayeweka akiba ya maji. Nani asiyejua sababu? Bomba halifiki kila mahali, na panapofika hukauka. Mwezi wa tano mwaka 2021 moto wa Nyiragongo uliharibu tangi na mabomba ya upande wa Buhene, watu karibu nusu milioni wakakosa maji safi. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita vilipoingia mjini, maji na umeme vilikatika, watu wakarudi ziwani na bidoni zao. Mtu aliyepita katika mambo hayo hawezi kuambiwa amwage maji yake. Tunalosema ni hili: maji yawekwe, lakini yafunikwe.

Sasa twendeni uani tukatazame. Pipa la maji ya mvua chini ya bati, halina mfuniko. Sitereni ya saruji, mfuniko wake ulivunjika mwaka jana. Tairi la gari ambalo watoto huchezea. Kopo la kunyweshea kuku. Mfereji wa bati uliojaa majani. Shimo la msingi wa nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa fedha. Pipa la mfyatua matofali, ambalo lina maji mwaka mzima. Na kando ya barabara, mfereji ulioziba kwa chupa na mifuko. Jike mmoja wa mbu hutaga mayai hamsini, mia, hata mia mbili kwa mara moja. Hesabuni makopo, kisha hesabuni mbu.

Wala si mbu wote walio sawa, na hapa nataka kukaa kidogo, maana wengi huchanganya. Chota maji kwa kikombe cheupe ukatazame mwangani. Ukiona viluwiluwi vimening'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, hao si wa malaria. Ni mbu wa maji machafu, wa chooni na mferejini, ambao hutupigia kelele usiku na kutunyima usingizi, au ni yule mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anayeuma mchana, ambaye hupenda mapipa na matairi na aweza kuleta homa nyingine kama chikungunya. Lakini ukiona kiluwiluwi kimelala bapa juu ya maji kama kijiti, huyo ndiye anofeli, mwenye malaria. Yeye hupenda maji yasiyo na uchafu mwingi, yanayopigwa na jua: dimbwi la mvua, shimo la msingi, shimo la mchimbaji. Hata akiwa mkubwa utamtambua, kwa sababu akitua ukutani huinua nyuma juu, kama mtu aliyeinama kufunga viatu.

Kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni siku saba mpaka kumi na nne penye joto, na hapa kwetu kwa baridi huzidi. Kwa hiyo kazi hii haitaki kila siku. Yataka mara moja kwa juma, lakini kila juma. Mwaga maji ya kopo na ya tairi, au toboa tairi. Pipa ukilimaliza lisugue kwa ndani kwa jiwe au kwa brashi, kwa sababu yule mwenye mabaka hugandisha mayai yake ukutani mwa pipa, nayo huweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Watu wengi huosha pipa kwa kulisukasuka tu. Haitoshi. Pipa la akiba lifunge kwa kitambaa kikavu kilichokazwa kwa kamba ya mpira, na mdomo wa sitereni utie wavu mwembamba, pamoja na ule mrija wa kumwagia maji yanayozidi, ambao kila mtu huusahau.

Oili chafu ya gari msiimwage ovyo. Inaua viluwiluwi, ndiyo, lakini juu ya mawe haya yanayonywa kila kitu itashuka chini, na sisi ndio tutakaoinywa baadaye.

Habari ya vyoo ni ngumu kwetu, kwani kuchimba mawe haya ni adhabu, na mashimo huwa mafupi yakajaa maji wakati wa mvua. Huko Makunduchi, kisiwani Unguja, katika miaka ya mwisho ya 1980, walijaribu jambo ambalo ningependa tulifikirie. Walimwaga ndani ya vyoo vyenye maji punje nyepesi nyeupe, za namna ile inayofungiwa radio na televisheni ndani ya katoni. Punje huelea, hufunika maji, na viluwiluwi hukosa pa kuvutia pumzi. Mbu wa chooni wakapungua sana, na punje hazikuhitaji kurudishwa kila mwezi. Punje kama hizo tunazitupa jalalani kila siku.

Tena neno moja kwa wazazi wa Himbi, Kyeshero na Bulengo. Msiwatume watoto kwenda kukausha madimbwi yaliyo katika mashimo ya chini, hasa alfajiri. Mnajua mazuku. Hewa ile haina rangi na huua kabla mtu hajapiga kelele. Shimo la namna hiyo liachiwe watu wazima, mchana, penye upepo.

Nyumbani nako kuna kazi. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na kati ya ubao na ubao, na kati ya ukuta na bati, mbu hupita bila kubisha hodi. Gambia walifanya jaribio, matokeo yakatolewa mwaka 2009: nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa juu ziliingiwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua. Si lazima uwe na fedha za wavu. Ziba nyufa kwa katoni, kwa udongo, kwa vipande vya mbao. Lakini mtu asiniambie kwamba atafukuza mbu kwa kuingiza jiko la makaa chumbani akafunga mlango. Jiko hilo huua mwenye nyumba mbu akiwa bado hai.

Chandarua chenye dawa hupunguza homa za malaria karibu nusu. Nacho kimegawiwa hapa bure mara nyingi. Kiko wapi? Nimekiona kimezungushiwa miche ya mboga. Nimekiona ziwani kikivua sambaza. Sambaza ni watamu, sikatai. Lakini anofeli huuma hasa tangu saa nne za usiku mpaka karibu na alfajiri, na saa hizo mtoto yuko kitandani, hayuko bustanini. Kifueni kwa sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini, jua lisiharibu dawa yake.

Sasa ninyi wachimbaji, ambao nimewaweka mwisho ili msiondoke mapema.

Mwaka 1929, huko Luanshya, katika nchi ambayo leo ni Zambia, karibu na mpaka wa Katanga, palikuwa na mgodi mpya wa shaba uitwao Roan Antelope. Watu wa kazi walikuwa wakifa, na wengine wakitoroka usiku. Ilisemwa kwamba mto wa pale una nyoka anayekula watu. Akaletwa daktari Malcolm Watson, aliyekwisha kupigana na mbu katika mashamba ya mpira ya Malaya. Hakuwa na dawa ya ajabu, hata DDT ilikuwa haijaanza kutumiwa. Walikata majani ya mtoni, wakanyosha kingo, wakakausha mabwawa, wakamwaga mafuta juu ya maji yaliyobaki, wakatia wavu nyumbani, wakatoa kwinini. Katika miaka mitatu mpaka mitano vifo na homa za malaria vilipungua kwa 70 hata 95 katika kila 100. Sisemi walifanya hivyo kwa huruma. Shaba haipandi yenyewe kutoka chini. Lakini majembe na mifereji ndiyo iliyofanya kazi.

Nanyi majembe mnayo, kuliko mtu yeyote hapa. Mnachimba shimo, mnaosha mawe, madini yakiisha mnahamia mlima mwingine. Shimo linabaki wazi, mvua inalijaza, jua linaliwasha, samaki hamna ndani. Anofeli hakuombeeni kitu kingine! Kabla ya kuhama, rudisheni udongo shimoni. Bwawa la kuoshea lisilotumika livunjwe ukingo, maji yaende. Na mtu aliyezaliwa Masisi penye baridi akishuka Walikale, mwili wake haujazoea malaria; huyo alale katika chandarua tangu usiku wa kwanza, hata kama kibanda ni cha turubai.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Mchimbaji akirudi Goma na homa ya mgodini, anarudi na kijidudu damuni. Anofeli wa mtaani kwake humnyonya, na baada ya majuma machache humwuma mtoto wa jirani, ambaye hajawahi kuona shimo la madini. Kwa hiyo ukirudi na homa usinunue vidonge viwili sokoni ukajilaza. Nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo, umeze dawa mpaka mwisho, na ulale ndani ya chandarua ingawa ni mzima na unajiona una nguvu.

Nimezungumza na wakuu wa avenyu. Wamekubali tuanze Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla mama hawajakwenda sokoni. Tutakutana penye bomba la watu wote. Kila nyumba ilete kikombe cheupe kimoja na mtu mmoja mwenye macho mazuri, na wenye mapipa yasiyo na mfuniko walete kamba ya mpira. Wachimbaji waje na majembe; kuna mashimo mawili ya msingi nyuma ya soko, wenyewe wametoa ruhusa tuyafukie.