Jinsi ya Kutafuta na Kusoma Hesabu ya Kodi ya Ardhi

 Leo tutajifunza jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku ya taabu tu: jinsi ya kutafuta na kusoma hesabu ya kodi ya ardhi katika kaunti zetu za Kenya, hasa kaunti za mashambani, ambako afisi ziko mbali na nauli ni ghali. Chukua kalamu na karatasi. Ikiwa hati ya shamba iko nyumbani, itoe sandukuni uiweke mbele yako.

Kwanza nitakueleza lililotupata sisi wenyewe. Baba alipofariki, mama aliendelea kulipa kodi ya shamba. Kila mwaka alipanda gari kwenda mjini, akalipa, akarudi na risiti, akaitia katika kopo la majani ya chai. Alifanya hivyo miaka tisa. Kesi ya urithi ilipokwisha mahakamani, tukataka kugawana shamba, tukaenda kuomba cheti cha kuthibitisha kwamba hatudaiwi. Karani alifungua hesabu yetu, akatuambia kwamba kwa miaka tisa haikulipwa hata senti moja.

Mama akamwaga risiti mezani. Zote zilikuwa halali, zote zina jina la baba. Lakini shamba letu ni namba 174, na risiti zilisema 147. Mtu fulani alikosea tarakimu mwaka wa kwanza, na kosa likanakiliwa mwaka baada ya mwaka. Tulikuwa tukimlipia mtu mwingine. Risiti mbili zilikuwa zimepotea. Malipo ya miaka saba yalihamishwa baada ya barua nyingi; ya miaka miwili tulilipa upya pamoja na riba. Mama alisema, "Mwanangu, kila mwaka nilisoma jina. Hakuna aliyeniambia nisome namba."

Basi leo nakuambia: soma namba. Hilo ndilo somo lenyewe, na yote yafuatayo ni maelezo yake.

1. Ijue kodi unayodaiwa

Watu huchanganya malipo mawili. La kwanza ni kodi ya ardhi ya kaunti, ambayo wengi huiita reti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, iliipa serikali ya kaunti uwezo wa kuitoza. La pili ni pango la ardhi. Hili hulipwa kwa serikali ya taifa, na humhusu mtu aliyekodishwa ardhi kwa miaka fulani. Mwenye shamba la kumiliki moja kwa moja halipi pango. Ukipata barua ya madai, tazama kwanza imetoka serikali gani, kisha tazama hati yako ni ya namna gani. Wako watu waliokwenda afisi moja mara tatu, kumbe shauri lao lilikuwa la afisi nyingine.

Tena si kila shamba la kijijini hutozwa reti kwa kiasi kimoja. Mwaka 2024 Kenya ilipata sheria mpya ya taifa kuhusu kodi hii, ikafuta sheria mbili za zamani, ya 1956 na ya 1963. Lakini kiwango cha kwenu kimo katika sheria za kaunti yenu. Uliza uonyeshwe. Usikubali jibu la "ndivyo inavyolipwa."

2. Iandike namba yote

Namba ya ardhi si tarakimu za mwisho tu. Kwa kawaida ina jina la eneo la usajili, pengine na kitalu, kisha namba ya kipande. Hati nyingine za zamani zina namba inayoanza kwa herufi L.R. Iandike kama ilivyo, pamoja na mikwaju yake, kwa maana namba 174 ya eneo moja si namba 174 ya eneo la jirani.

Pia andika ukubwa. Hapa pana mtego. Hati huandika hekta, nasi nyumbani husema ekari. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Shamba la hekta 1.6 ni karibu ekari 4. Ukimwambia karani "nne," naye akaandika hekta 4, umejiongezea shamba usilokuwa nalo, na kodi yake pia.

3. Enda mahali patatu

Mahali pa kwanza ni afisi ya usajili wa ardhi. Hapo utaomba kile ambacho watu hukiita sachi. Utapata maelezo yaliyomo katika rejista: ardhi yenyewe na ukubwa wake, mwenye ardhi, na mizigo iliyo juu yake, kama vile mkopo wa benki au zuio. Tangu mwaka 2021 uko mtandao wa Ardhisasa, ulioanzia Nairobi. Kwa hiyo uliza kama rejista yenu imo humo au ingali katika makaratasi.

Mahali pa pili ni afisi ya ardhi ya kaunti. Omba kuona daftari la uthamini. Humo kila kipande kinachotozwa kwa thamani huandikwa namba yake, ukubwa, mwenyewe na thamani iliyokadiriwa.

Mahali pa tatu ni afisi ya mapato ya kaunti. Omba taarifa ya hesabu ya kipande chako, ya miaka yote, si ya mwaka huu peke yake.

Ukirudi nyumbani, ziweke karatasi hizo tatu pamoja na risiti zako. Namba ni ile ile? Ukubwa ni ule ule? Zisipopatana, umeona mahali pa kuuliza.

4. Piga hesabu mwenyewe

Reti yaweza kutozwa kwa ukubwa au kwa thamani. Tuseme, kwa mfano tu, kaunti inatoza shilingi 200 kwa ekari. Shamba la ekari 4 litalipa shilingi 800 kwa mwaka. Au tuseme ardhi imekadiriwa shilingi 600,000, na kiwango ni nusu ya asilimia moja. Gawa 600,000 kwa 100, upate 6,000. Nusu yake ni shilingi 3,000.

Sasa soma taarifa ya hesabu mstari kwa mstari: deni la nyuma, kodi ya mwaka, riba, malipo, na jumla. Weka alama kwa kila risiti uliyo nayo iliyomo katika orodha. Risiti isiyo na alama ni fedha zako zilizopotea njiani. Usingoje, kila mwaka unaopita riba huongezeka.

5. Ukiona kosa, andika

Maneno ya dirishani hayabaki. Andika barua yenye namba kamili, taja kosa, ambatisha nakala za risiti, wala usitoe risiti zenyewe mkononi mwako. Peleka nakala mbili. Moja ipigwe muhuri urudi nayo. Ukinyimwa maelezo, jua kwamba Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na afisi ya serikali yatakiwa kujibu katika siku 21. Kaunti ikitangaza daftari jipya la uthamini, soma katika tangazo siku ya mwisho ya kuleta pingamizi.

Neno la mwisho ni la kuangaliwa sana. Risiti ya kodi si hati. Kulipa kodi hakumfanyi mtu awe mwenye shamba. Mwenyewe ni yule aliyeandikwa katika rejista. Ndugu anayelipa kwa niaba ya jamaa afanye vyema kuliandika jambo hilo mapema, nao jamaa wasisahau kumrudishia. Na deni halifi pamoja na mzee.  Kwa hiyo deni hungoja watoto mlangoni.

Maswali ya kujizoeza

Namba kamili ya shamba lenu ni ipi? Ukubwa wake ni hekta ngapi, na ni ekari ngapi? Risiti ya mwaka jana ina namba hiyo hiyo? Nani nyumbani, mbali na wewe, ajua risiti zimewekwa wapi?

Jibu maswali haya jioni ya leo, pamoja na wazee na vijana. Kwaherini, na kazi njema.