Injini Haisomi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Goweko)



Nimeombwa nieleze habari za injini za dizeli na umeme zipangazo mabehewa bandarini. Huenda mwenzetu akauliza: sisi wa Goweko, tulio mbali na bahari, zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Reli ipitayo hapa ilitoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ncha zake zote mbili ni bandari.

Kazi ya injini hizi si mbio, ni nguvu. Kuling'oa behewa zito lililosimama ni kazi kuliko kuliendesha lililokwisha kwenda. Dizeli ikifungwa moja kwa moja na magurudumu yaliyosimama, huzimika. Basi mafundi waliipa kazi ya kuzungusha dainamo. Umeme utokao humo huenda kwenye mota za ekseli, nazo huvuta kwa nguvu kubwa kabisa pale gurudumu linapoanza kugeuka. Tena injini ya mvuke yataka kuwashwa saa nyingi kabla ya kazi, na hula makaa hata ikingoja. Hii huzimwa kazi ikikoma.

Mwaka 1925 Wamarekani waliiweka mojawapo mjini New York, namba 1000, yenye uzito wa tani 60 na nguvu za farasi 300. Ilipewa kiwanja cha reli kando ya maji, ambako mabehewa yaliletwa kwa matishari. Ilistaafu mwaka 1957. Waingereza nao, kati ya 1952 na 1962, waliunda 996 za aina moja, kila moja nguvu za farasi 350.

Lakini, mabwana, injini haisomi. Nilipokuwa karani mpya, katika stesheni nisiyoitaja, niliandika 6 mahali pa 9. Injini ilitii hati yangu barabara: ikalivuta behewa tupu, ikaliacha lenye maembe. Yalikaa juani siku nne. Mwenye mali alikuwa mama mjane. Mlango ulipofunguliwa hakunitukana, aliniuliza tu, "Mwanangu, hukuona?" Sikuwa na jibu, wala sinalo hata leo.

Wazee wetu wa Unyamwezi walipochukua mizigo ya misafara kati ya pwani na Ujiji, kila mpagazi aliujua mzigo wake kabla ya ngoma ya safari kulia. Sisi tuna nguvu za farasi mia tatu, na kwa tarakimu moja twazipoteza.

Kwa hiyo natoa shauri: namba ya behewa isomwe kwa sauti na mtu mmoja aliye mbele ya behewa lenyewe, iandikwe na wa pili, kisha huyo wa pili aisome tena. Ni kazi ya dakika moja. Naomba wanachama walifikiri shauri hili kabla hatujaagana.