Mtoto Wetu Akitaka Digrii ya Pili ya Sheria, Tumchangie?

(Mazungumzo na wana-vikundi vya kujisaidia, Timboroa)



Ndugu zetu akina mama, akina baba na vijana, asanteni kwa kuacha viazi shambani na kuja kikaoni na baridi hii yetu. Leo tunaongea juu ya jambo ambalo limeanza kuingia katika vikundi. Zamani tulichangia karo ya sekondari. Baadaye tukachangia chuo kikuu. Sasa kijana amemaliza digrii ya kwanza ya sheria na anarudi kwa kikundi kusema, "Nataka kuendelea na digrii ya pili." Wengine wanapiga makofi. Wengine wananong'ona, "Kwani hajawa wakili bado?"

Swali hilo la kunong'ona ni zuri. Tulijibu wazi.

1. Digrii ya pili haimfanyi mtu wakili

Hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa. Njia ya uwakili Kenya ni hii. Kwanza digrii ya sheria, ambayo kwa kawaida ni miaka 4. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifundisha sheria tangu miaka ya 1990. Pili, mafunzo ya Kenya School of Law kule Karen, Nairobi, pamoja na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Tatu, miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Mwisho anaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Hapo ndipo anaweza kusimama kortini kwa niaba yako.

Digrii ya pili, yaani shahada ya uzamili, haimo katika ngazi hizo. Mtu anaweza kuwa nayo na asiruhusiwe kukutetea kortini. Mwingine anaweza kuwa wakili hodari maisha yake yote bila kuwa nayo.

2. Basi ni ya nini?

Ni ya kuchimba kisima kimoja mpaka maji yatoke. Digrii ya kwanza hugusa kila kitu: mashamba, jinai, mikataba, ndoa. Ya pili huchagua sehemu moja. Mwanafunzi husoma masomo ya darasani, kisha huandika tasnifu, yaani kitabu cha uchunguzi wake mwenyewe. Humsaidia anayetaka kufundisha chuoni, kufanya utafiti, au kubobea katika jambo moja kama ardhi au haki za binadamu.

Tazameni watu wawili. Willy Mutunga alipata digrii ya kwanza na ya pili ya sheria Dar es Salaam, akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Martha Koome, mtoto wa wakulima wa Meru, alipata digrii ya kwanza Nairobi mwaka 1986. Akawa wakili, na mwaka 2003 akawa jaji. Digrii ya pili aliipata Chuo Kikuu cha London mwaka 2010, miaka 24 baada ya ile ya kwanza! Mwaka 2021 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu.

Mnaona? Hakuna saa moja kwa wote. Anayetaka kufundisha ana sababu ya kuendelea mapema. Anayetaka kuwa wakili, heri amalize Karen kwanza, afanye kazi, halafu arudi darasani akiwa na mshahara wake.

3. Sisi tunapata nini?

Watu wa huku tunajua maana ya shamba bila karatasi. Tunakumbuka 1992, tunakumbuka mwanzo wa 2008. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inahimiza jamii zitatue migogoro ya ardhi kwa njia zao za nyumbani zinazokubaliana na Katiba. Mtoto wetu akiandika tasnifu yake juu ya jambo hilo, akawasikiliza wazee na wajane wa hapa, masomo yake yatatufaa hata sisi tusiosoma Kiingereza. Lakini tusidanganyane: kesi ya mpaka ya leo haitangoja tasnifu. Kwa hiyo tunahitaji pia wasaidizi wa sheria wa kijijini, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

4. Kabla ya kutoa shilingi

Pesa ya kikundi si ya mwenyekiti, wala si ya mzazi mwenye sauti kubwa. Ni maziwa na viazi vya wengi. Kwa hiyo:

- Kijana aje mwenyewe aeleze: anataka kubobea katika nini, na kwa kazi gani?
- Alete barua ya chuo na hesabu ya karo ya miaka yote, si ya muhula mmoja.
- Aulize kwanza Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na ofisi za ufadhili za chuo.
- Someni katiba ya kikundi. Inaruhusu mkopo wa karo? Kama hairuhusu, fanyeni harambee ya kando, kila mtu atoe kwa hiari.
- Ikiwa ni mkopo, andikeni: kiasi gani, kurudishwa lini, na mdhamini ni nani. Haya yote yaingie kwa kumbukumbu za mkutano. Atakayekuwa mwanasheria hawezi kuogopa kutia sahihi!

Kukataa kutoa pesa ya mbegu si kumchukia mtoto. Na kumsaidia kwa mpango si kumfunga kamba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kijana wetu anataka kuwa wakili, mwalimu au mtafiti? Tumemwuliza?
2. Tukimpa pesa hii, ni nani kikundini atakosa mbegu msimu ujao?
3. Ni nani kati yetu anaweza kufunzwa kuwa msaidizi wa sheria mwaka huu?

Mungu awabariki na kazi ya mikono yenu.